Mkubwa Kwanza, Mbio Baadaye

Kitendawili.

Ukiniambia "tega" kwa sauti ya usingizi hivyo, sitegi. Sema vizuri. Haya. Nashika njia ya magharibi: asubuhi ananitangulia, adhuhuri ananiingia miguuni, jioni ananifuata nyuma, na kutwa nzima hatujaamkiana. Nani huyo?

Mume? Mume adhuhuri humpati hata miguuni. Mbwa? Mbwa angekuwa ameshaomba mfupa. Umeshindwa, basi nipe mji. Huo hauna maji, nipe mwingine. Huo nilipewa juzi na dada yako, nimeshauchoka. Haya, huo naupokea. Nilikwenda nikafika, nikapikiwa nikashiba, wewe nikakuwekea ukoko. Jibu lake ni kivuli.

Sasa kaa sawasawa, nikusimulie nchi ambayo hata kivuli kilikuwa na adabu zake. Jina la nchi nimelisahau, na mwenye akili haniulizi. Si kwetu. Mipaka yake haigusani na yetu, ingawa mvua ikinyesha kwao sisi tunalowa.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja iliyopita desturi zote: mkubwa hutangulia. Mlangoni hutangulia mkubwa. Sahanini hutangulia mkono wa mkubwa. Jua likishuka, watu wenye busara walijibanza ukutani mkubwa anapopita, vivuli vyao visije vikamtangulia, kwa sababu alikuwako bwana mmoja aliyeshitakiwa yeye pamoja na kivuli chake. Bwana akaachiwa, kivuli kikafungwa. Tangu hapo alikuwa akitoka siku za mawingu tu.

Harusini mkubwa alitangulia kukaa kwenye kiti cha bwana harusi, akapigwa picha na bibi harusi, na bwana harusi akangoja nje na koti lake la kuazima. Mazikoni mkubwa ndiye aliyeshuka kaburini kwanza, akalizindua, akatoa hotuba kutoka mlemle ndani, kisha akavutwa juu ili marehemu naye apate nafasi. Watu walisikitika sana kila alipovutwa juu. Na nyumba ikishika moto, gari la zima moto lilisimama njia panda likisubiri gari la mkubwa lipite. Mkubwa alifika, akatazama majivu, akasema serikali imefika kwa wakati.

Palipo na wa mbele pana wa nyuma. Nyuma kabisa, nyuma hata ya wanaouza karanga, waliwekwa wasioona, wasiosikia, wenye magongo na wenye kutambaa. Si kwa ubaya, hata kidogo. Wizara ya Kutangulia ilieleza redioni kwamba waliwekwa huko wasije wakakanyagwa, na kwamba serikali inawapenda mno. Inawapenda kwa mbali.

*

Huko nyuma ndiko alikokuwa Sikudhani. Surua ilimchukua macho angali mchanga. Mama yake alimpenda, akamkalisha mkekani ukumbini na ungo wa mchele, achambue kwa vidole. Kila aliyepita alisema "maskini," akapita. Binti akakua kwa kulishwa maskini asubuhi na jioni, na chakula hicho, mjukuu wangu, hakinenepeshi.

Jirani yao alikuwa Chausiku, muuza vitumbua, msichana mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Siku moja akasimama mlangoni.

"We Sikudhani, huo mchele unauchambua au unaubembeleza?"

"Nikimaliza huu wataniletea mwingine."

"Basi usimalize. Inuka tukimbie."

"Nikimbilie wapi, na mimi naona giza?"

"Mbele. Giza la mbele na la nyuma si lilelile?"

Nje ya mji palikuwa na barabara ya lami iliyokamilika zamani, lakini haijazinduliwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga kabla mkubwa hajaikanyaga, na mkubwa alikuwa na shughuli. Majani yalikuwa yameota katikati, mbuzi wakalala humo bila hofu ya sheria. Mwanzoni pana kibao cha kukataza watu. Sikudhani hakukiona. Chausiku naye, alipokamatwa na mlinzi, alisema yeye ni mtu wa nyuma tu, amemfuata mwenzake. Mlinzi akafikiri, akakosa kosa, akanunua vitumbua.

Walifunga kamba ya kiatu, ncha moja mkononi mwa huyu na nyingine mkononi mwa yule, wakakimbia bega kwa bega. Chausiku alikuwa macho ya wote wawili. "Nyoosha. Nyoosha. Shimo, ruka. Mbuzi. Mbuzi mwingine." Sikudhani alianguka hadi magoti yake yakawa kama kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichotumika miaka. Mama yake akalia, majirani wakasema haya ndiyo matokeo ya kumtoa mtu alikowekwa na Mungu. Kisha ikafika siku Chausiku ndiye aliyesema, "Ngoja kidogo, pumzi imeniishia." Sikudhani aliporudi nyumbani siku hiyo, aliukataa ungo.

Sasa sikiliza sheria ya mchezo huu, nami nimeambiwa na wanaojua. Asiyeona na mwenzake wa kamba hukimbia sambamba, lakini kwenye mstari wa mwisho asiyeona lazima apite kwanza. Mwenzake akitangulia, hata kwa pua, mbio zimeharibika. Ndivyo ilivyo duniani kote. Na unaona mwenyewe sheria hiyo ilikuwa inaelekea kugongana na nini.

*

Habari zilipata miguu. Kulikuwa na Michezo Mikubwa ya watu wenye ulemavu ng'ambo, na wenye michezo hiyo wakamtuma mwamuzi, mama mmoja mwembamba aitwaye Bi Lukresia, aje na saa yake ampime Sikudhani. Mbio fupi, za kunyoosha, kutoka ncha moja ya uwanja wa taifa hadi nyingine. Akifika upesi kama inavyotakiwa, anakwenda ng'ambo. Asipofika, ungo ulikuwa unamsubiri ukumbini, na mama yake alikuwa ameshaushona upya pembeni.

Serikali, ambayo haikuwa imemwona Sikudhani tangu azaliwe, ikafumbua macho ghafla. Waziri wa Kutangulia, Mheshimiwa Mfaume, mtu mkubwa mbele na mkubwa zaidi ubavuni, akaita mkutano.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesikia kwa furaha, na pia kwa mshituko, kwamba binti wa taifa hili atavuka mstari mbele ya wageni. Nawauliza, mstari wa mwisho ni nini? Mstari wa mwisho ni mlango uliolala chini. Na mlangoni hutangulia nani?"

"Mkubwa," wakajibu watu. Walikuwa wamezoea.

"Tumwachie muuza vitumbua mlango wa taifa?"

"Tusimwachie."

"Basi kamba hiyo nitaishika mimi, kwa unyenyekevu, nikiwa mbele kabisa."

Watu walingoja apige makofi, kwa kuwa hata makofi katika nchi ile hutanguliwa na mkubwa. Akajipigia, nao wakafuata.

Chausiku akanyang'anywa kamba, akaambiwa anaweza kuendelea na vitumbua vyake kwa uzalendo. Mazoezi yakaanza. Mbele ilikwenda pikipiki ya king'ora. Nyuma yake Mheshimiwa na Sikudhani. Kisha mshika mwavuli, mshika leso, mshika simu, Naibu Waziri, na Katibu wa Wizara aliyeshika kiuno. Mheshimiwa hakutazama nyuma hata mara moja. Mkubwa hatazami nyuma, hiyo ni kazi ya walinzi.

"Mheshimiwa," aliuliza Sikudhani, "hapo mbele pana kona?"

"Kona ziko chini ya Wizara ya Ujenzi."

Sikudhani akaipata kona kwa bega.

"Mheshimiwa, tuongeze mwendo kidogo."

"Haraka haraka haina baraka, binti."

Nakwambia, mwalimu wa mbio aliyesema hivyo ni yeye peke yake duniani.

*

Siku ya kupimwa uwanja ulijaa. Bi Lukresia akainua bastola yake ya kuanzishia, ikalia, na Sikudhani akaondoka kama aliyefukuzwa na nyuki. Mheshimiwa alikuwa upande wa pili wa kamba, kwa hiyo na yeye akaondoka, alitaka hakutaka. Aliburutwa kama mbuzi wa hitima. Kofia ikabaki, kiatu kimoja kikabaki, mshika mwavuli akabaki. Na pamoja na mzigo huo wote binti alikuwa anawahi. Wenye saa zao walisema anawahi.

Hatua chache kabla ya mstari, Mheshimiwa akakumbuka yeye ni nani. Akaikata kamba kwa kuivuta nyuma, Sikudhani akapepesuka, Mheshimiwa akatanguliza tumbo.

Bi Lukresia akainua bendera nyekundu. "Imeharibika. Asiyeona hakutangulia."

Mheshimiwa akajipigia makofi. Uwanja ukafuata. Bendi ikapiga, na magazeti ya kesho yake yakaandika kwa herufi za kuumiza macho: MHESHIMIWA AWASHINDA WASIOONA WOTE NCHINI. Sikudhani alipelekewa zawadi nyumbani, picha kubwa ya fremu ya dhahabu, Mheshimiwa akivuka mstari. Yeye hakuwamo. Walimkata ili Mheshimiwa aenee.

"Iko vizuri?" Sikudhani alimwuliza mama yake.

"Fremu ni nzuri," akasema mama yake.

Binti hakulia siku hiyo. Angelia ingekuwa nafuu, watu wangejua la kufanya, wangesema maskini. Alikaa akiikunja na kuikunjua ile kamba ya kiatu iliyokatika, kama mtu anayejaribu kuelewa kitu kwa vidole, na vidole havielewi.

*

Aliyemwinua ni Bi Hidaya, mrusha tufe. Bi Hidaya miguu yake ilipooza tangu utoto, alikwenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu na kurusha akiwa ameketi. Mikono yake ilikuwa kama ya mtwangaji wa kulipwa. Naye alikuwa na yake. Siku ya zamu yake Mheshimiwa alisema tufe haliwezi kurushwa na raia kabla ya kuzinduliwa. Akalirusha yeye. Likaangukia mguu wa Naibu Waziri. Tufe likakamatwa, likapelekwa kituoni, na hadi leo liko rumande.

"Twende tukawaulize," alisema Bi Hidaya. "Tusipowauliza watadhani tumefurahi."

Wizara ilikuwa ghorofa ya juu. Lifti ilikuwapo, mpya, inang'aa, lakini haijazinduliwa. Bi Hidaya akabaki chini na baiskeli yake. Sauti yake ndiyo iliyopanda. Sikudhani akapanda ngazi kwa kupapasa ukuta, akakalishwa kwenye benchi, na kila aliyekuja baada yake akaingia kabla yake, maana yeye ni wa nyuma, wasije wakamkanyaga. Mwisho hakubaki mtu wa kumtangulia, wakalazimika kumwita.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, binti. Picha umeipata?"

"Nimeipata. Asante."

"Unaionaje?"

Katibu akakohoa. Mheshimiwa akatazama dirishani.

"Nimekuja kuomba," alisema Sikudhani. "Mwamuzi amesema atanipima tena. Naomba Chausiku anirudie."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haijawezekana hapo nyuma," akasema Katibu.

Kutoka chini Bi Hidaya akapaza sauti, "Wamekubali?"

"Bado," Sikudhani akajibu kwa sauti ya ngazini. Kisha akageuza uso kule aliposikia kiti kikilia. "Basi nina swali, Mheshimiwa."

"Uliza. Serikali ni sikivu."

"Pale kwenye mstari, ukitangulia wewe, mimi nimekwenda kufanya nini?"

Mshika leso akampa Mheshimiwa leso. Mshika simu akaitazama simu, pengine itaita iwaokoe. Haikuita.

"Swali zuri," akasema Mheshimiwa. "Katibu, umelisikia? Swali zuri sana. Liundiwe kamati."

"Amejibu?" aliuliza Bi Hidaya.

"Ameunda kamati."

"Basi teremka mwanangu, tutazeekea hapa."

*

Mimi niliishia darasa la nne, mambo ya kamati siyajui vizuri. Najua tu kwamba kamati ile ilifanya kazi kwa bidii, kwa kuwa haikuonekana nchini. Ilikwenda ng'ambo kutazama mistari ya wenzetu. Ikaonyeshwa mistari myeupe, mistari ya manjano, hata kamba ya kuanikia nguo kwa bahati mbaya, ikapiga picha zote. Ikarudi imenenepa. Ikajigawa katika kamati ndogo ya Mimi, kamati ndogo ya Kwenda na kamati ndogo ya Kufanya Nini, na hiyo ya tatu ndiyo iliyokwama. Swali likawekwa kando kwa uchunguzi zaidi. Lakini kamati iligundua jambo la kutisha: mstari wenyewe wa uwanja wa taifa, tangu upakwe chokaa, ulikuwa haujazinduliwa.

Ndivyo siku ya kupimwa mara ya pili ilivyokwenda. Sikudhani alikuwa tayari tangu jua la kwanza, amepasha misuli, kamba mpya mkononi. Mheshimiwa akasimama kwenye mstari akauzindua. Alianza na historia ya chokaa. Akaja kwenye mababu, ambao hawakuwa na mistari lakini walifika. Akashukuru mashirika. Saa sita ikapita, watoto wakalala mapajani. Sikudhani misuli ikapoa, akaipasha tena, ikapoa tena. Alasiri Mheshimiwa akasema, "Kabla sijaanza." Mwisho utepe ukakatwa, na jua nalo likakata shauri, likazama.

"Siwezi kupima gizani," alisema Bi Lukresia.

"Mimi naweza kukimbia gizani," alisema Sikudhani. "Ndiko ninakokimbia siku zote."

Bi Lukresia hakucheka. Alimshika bega. "Saa yangu haisomeki, mama. Kesho asubuhi, mara ya mwisho, kisha naondoka. Ikiharibika tena, jina lako linafutwa, wala ng'ambo hutaalikwa tena. Sikuitunga mimi sheria hiyo."

Sikudhani akamgeukia Mheshimiwa. "Mstari umeshautangulia leo. Kesho si utaniacha?"

"Leo nimeuzindua," akasema Mheshimiwa kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Kesho ndipo nautangulia."

*

Asubuhi Bi Hidaya alimsubiri Sikudhani kwenye lango la uwanja. Walinzi walikuwa wamemwambia angoje nyuma, naye alikuwa ameegesha baiskeli yake katikati ya lango, mbele.

"Umelalaje?"

"Sikulala. Nimechoka, Bi Hidaya. Si miguu. Nimechoka na watu."

"Mkubwa anataka kutangulia?"

"Anataka."

"Basi mwache atangulie," akasema Bi Hidaya, akasogeza baiskeli apite.

Sikudhani akasimama pale pale, akafikiri. Kisha akaingia.

Uwanja ulikuwa umejaa kuliko jana. Wengine walikuja kumwona Mheshimiwa, wengine walikuja kwa sababu ya swali, maana swali lile lilikuwa limetoka ofisini likateremka ngazi pamoja na mwenyewe, likafika sokoni. Mtu akinyang'anywa nafasi ya kuteka maji kisimani alimwambia mwenzake, "Ukitangulia wewe, mimi nimekuja kufanya nini?" Wake waliwauliza waume. Polisi wa njia panda alikuwa ameulizwa na kondoo, ndivyo walivyosema.

Wakasimama kwenye mstari wa kuanzia, kamba mikononi, Mheshimiwa na viatu vipya. Upande wa mwisho walisimama Katibu na Naibu mwenye mguu wa bendeji, tayari kupokea. Bastola ikalia.

Mheshimiwa akatoka. Tumbo mbele, kidevu juu, macho kwenye mstari. Alishangaa siku hiyo kamba ilivyokuwa nyepesi. Alikimbia akisikia uwanja umenyamaza, akadhani ni heshima. Hakutazama nyuma, kwa kuwa mkubwa hatazami nyuma. Akakimbia, akatembea kidogo, akakimbia tena, akauvuka mstari, akainua mikono miwili. Akajipigia makofi. Watu wakapiga, sheria ni sheria, lakini macho yao yalikuwa kwingine.

"Hongera Mheshimiwa," akasema Katibu. "Umetangulia."

"Nimemtangulia nani?"

Katibu akatazama. "Tunalifanyia kazi," akasema.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, Mheshimiwa Mfaume alipogeuza shingo akatazama nyuma. Kulikuwa na njia tupu ya mbio, kamba ya kiatu inayoburuta kutoka mkononi mwake, na kule mwanzo, mbali, msichana amesimama ametulia kama anayesubiri chai. Ncha yake ya kamba alikuwa ameivua kabla bastola haijalia. Na Bi Lukresia kule alikuwa ameishika saa yake bila kuibonyeza. Aliyekuja kupimwa alikuwa bado hajaondoka.

"Chausiku," Sikudhani akaita. "Uko wapi?"

"Huku kwenye vitumbua."

"Viache."

Chausiku akashuka jukwaani. Walinzi walitaka kumzuia, lakini mlinzi hamzuii mtu kabla mkubwa hajatangulia kuamuru, na mkubwa alikuwa ncha ya pili anahema. Chausiku akavua mtandio, akaufunga mkononi mwake na mwa mwenzake.

"Mafuta yamenijaa mikononi, utateleza."

"Funga tu."

"Na nimenenepa tangu waninyang'anye kamba."

"Chausiku, funga."

Bi Lukresia akatazama juu, akatazama chini, akasema sheria yake inataka mwenzake wa kamba, haikutaja awe anauza nini. Akainua bastola tena.

Mjukuu wangu, walipoondoka hawakuondoka kama siku ile ya kumburuta Mheshimiwa. Walikwenda kwa mwendo mmoja, mguu na mguu, kama mchi na mchi kwenye kinu kimoja.

Kule mwisho Katibu alimshika Mheshimiwa mkono. "Usiondoke. Baki juu ya mstari. Mlango ukiwa na mtu haupitiki."

Mheshimiwa akajipanua.

"Nyoosha," Chausiku alikuwa akisema. "Nyoosha. Nyoosha. Sikudhani, kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mkubwa. Amekaa katikati ya njia yetu, juu ya mstari."

"Mimi simwoni."

"Mimi namwona, na amejaa."

"Basi niambie, kulia au kushoto?"

Chausiku akavuta pumzi. Mbele yake palikuwa na waziri mzima wa serikali, na suti yake, na walinzi wake, na rumande ambako hata tufe halijatoka.

"Nyoosha," akasema.

Wakanyoosha. Mheshimiwa aliwatazama wakija. Alingoja wapunguze mwendo, kwa kuwa watu wote humpunguzia mwendo. Hawakupunguza. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na hawakusema mwenye gari. Mheshimiwa akaruka pembeni kama kuku aliyesikia honi, akaangukia bendi. Ngoma kubwa ikalia mara moja peke yake. Sikudhani akaupita mstari, kifua mbele, na Chausiku nusu hatua nyuma yake.

Bi Lukresia alikuja mbio na saa yake, akawaonyesha wenye kuona, akasema, "Amewahi. Anakwenda."

Hakuna aliyepiga makofi.

Si kwamba hawakutaka. Uwanja mzima ulikuwa umeinua mikono, viganja vimetazamana, wazee kwa watoto, na viganja vikaganda hewani vikimsubiri mkubwa atangulie. Mikono ikaanza kutetemeka kwa kuchoka. Mama yake Sikudhani alikuwa jukwaa la nyuma amesimama vivyo hivyo, machozi yanateremka na hawezi kuyafuta kwa kuwa mikono ina kazi. Sikudhani, ambaye dunia yake yote huingia kwa masikio, hakusikia kitu. Akadhani ameanguka tena na hawataki kumwambia.

"Mheshimiwa," akasema. "Upo?"

Mheshimiwa alikuwa ameketi kati ya tarumbeta. "Nipo."

"Nilikuuliza swali, ukaliundia kamati. Leo umetangulia, ukafika peke yako, na hakuna aliyekuzuia. Mimi nilikuja kufanya nini?"

Katibu akainama sikioni mwake. "Sema kamati inaendelea."

Mheshimiwa akatazama mbele, hapakuwa na mlango. Akatazama ubavuni, Bi Hidaya alikuwa amesogeza baiskeli yake hadi kwenye chokaa, mikono yake juu kama wengine, macho hayapepesi. Akatazama ile mikono yote iliyoinuliwa, inayouma, inayomsubiri yeye. Mshika leso alikuwa mbali. Akajifuta uso kwa kiganja chake mwenyewe.

"Kutangulia," akasema.